«MIMI NIMEPELEKA TU»

Liko neno moja ambalo siku hizi twalisikia mara kwa mara midomoni mwa vijana wetu, nao hulisema kwa utulivu kabisa, kana kwamba lamaliza shauri. Mwenzao amedhalilishwa, video yake imeenea kutoka simu hata simu, mwalimu au mzazi auliza ni nani aliyeieneza, na kila anayeulizwa ajibu: «Mimi nimepeleka tu.» Yaani, sikumpiga, sikumrekodi, wala sikutunga neno lolote juu yake, ililetwa kwangu, nami nikaipeleka mbele. Leo twataka kulipima neno hilo, maana ndani yake mna swali la maadili lililo kubwa kuliko lionekanavyo, na hata sisi wakubwa hatujalijibu vema.

Wanafunzi wa Seminari Kuu huzoezwa elimu ya maadili kwa kupewa kesi za dhamiri: mambo ya kubuni, ila yafananayo na yale ambayo padre atayakuta siku moja katika kiti cha maungamo. Nasi tubuni kesi yetu, tuiweke Kibondo. Kila aijuaye wilaya ile na jirani yake Kasulu ajua jinsi watoto wa vijiji vya mbali wanavyoishi ili wasome shule ya kata. Hupanga chumba karibu na shule, wanne au watano pamoja, wakijipikia wenyewe unga wa muhogo na maharage waliyoyabeba kutoka nyumbani. Mzazi hayupo karibu, wala mlezi wa bweni. Simu janja moja yatosha chumba kizima.

Msichana wa kidato cha pili, tumwite Anastazia, mafuta yake ya kupikia yamekwisha, na zimebaki siku nane kabla ya kwenda nyumbani kuchukua chakula. Achukua mafuta ya wenzake, nusu chupa, bila kuwaambia. Wenzake wagundua. Watatu wampigisha magoti sakafuni, wamzaba makofi, wamlazimisha kusema mara kumi kwamba yeye ni mwizi. Wa nne, Teresa, ashika simu na kurekodi, dakika moja na nusu, huku akicheka, kisha aipeleka video ile katika kundi la WhatsApp la darasa. Humo yumo kijana Yohana, asiye na ugomvi wowote na Anastazia. Hata hamjui vema. Yohana aongeza maneno machache ya dhihaka, kwamba mtoto wa mkimbizi ni mkimbizi tu, naye aipeleka katika kundi la timu ya mpira ya kijijini kwao. Jioni ile vijana walioketi kwenye kibanda cha kuchajia simu sokoni waitazama, wacheka, nao waipeleka. Simu aliyoitumia Yohana ni ya baba yake. Siku ya tatu mama yake Anastazia, asiye na simu janja, aambiwa kisimani na jirani kwamba binti yake ameonekana akilia ndani ya simu za watu. Anastazia haendi tena shule.

Jumamosi Yohana, ambaye ni mwanachama wa TYCS, aja kuungama. Je, ana la kuungama? Na padre atamjibu nini?

Msomaji ataona kwamba kesi hii tumeifanya ngumu kwa makusudi. Anastazia ameiba kweli. Kama angekuwa amesingiziwa, sote tungekwisha kukasirika kwa niaba yake, na shauri lingekuwa jepesi.

Tusikie kwanza utetezi wa Yohana, kwamba yeye hakumgusa mtu. Kitabu cha Matendo ya Mitume chatupa kijana aliyekuwa katika hali kama hiyo. Siku Mtakatifu Stefano alipopigwa mawe, kijana aitwaye Saulo hakuokota jiwe hata moja. Kazi yake ilikuwa kuyalinda mavazi ya wapigaji. Mtu mwenye kuhesabu mawe asingemwona na hatia. Lakini miaka mingi baadaye, Saulo huyo akiwa amekuwa Mtume Paulo, alipojieleza mbele ya umati wa watu kule Yerusalemu, alilitaja jambo lile kama lake mwenyewe: kwamba alikuwapo, alikubali, na nguo za wauaji alizilinda. Hakujaribu kulipunguza.

Tena Yohana amefanya zaidi ya kulinda nguo. Tufikiri vizuri ni nini kinachotendeka video inapopelekwa mbele. Makofi yale yalipigwa mara moja, usiku mmoja, katika chumba kimoja. Aibu haifuati hesabu hiyo. Aibu yatendeka upya mbele ya kila jicho jipya, kwa kuwa aibu ni kuonwa. Wanafunzi wa darasa waliokuwa katika kundi la kwanza waliionyeshwa na Teresa. Watu wa kijiji wasingeijua kamwe kama Yohana asingekuwapo. Basi kwa kijiji kile Yohana si wa pili wala wa tatu. Ni yeye wa kwanza, na kila aliyeiona huko aliiona kwa mkono wake.

Zamani nako kulikuwa na kuzomewa, nasi hatusemi kwamba watoto wa zamani walikuwa malaika. Mtoto aliyejikojolea darasani, au aliyevaa kaptula yenye viraka, alizomewa njia nzima. Lakini kuzomewa kule kulikuwa na mwisho wake: mlango wa kwao. Aliingia ndani, mama akamfuta machozi, na wazomeaji wakarudi makwao kuchota maji. Siku hizi wazomeaji waingia ndani pamoja naye, wamo chini ya mto anaolalia, nao huongezeka akiwa usingizini. Vilevile mzomeaji wa zamani alikuwa akimwona uso yule anayemzomea. Aliona midomo ikitetemeka, na mara nyingine huruma ilimshika akanyamaza. Wasichana wale watatu, kwa ukatili wao wote, walimsikia Anastazia akilia, na pengine ndiyo sababu waliacha. Yohana hakusikia kitu. Alikuwa akitafuna karanga.

Utetezi wake wa pili una nguvu zaidi, nao husikika hata kwa watu wazima: «Ni kweli aliiba. Nimesema uongo gani?» Wengi wetu tulipofundishwa amri ya nane tuliishika kama amri ya kukataza uongo tu, hata tukadhani kwamba lililo kweli laweza kusemwa popote na kwa yeyote. Sivyo Kanisa linavyofundisha. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, yatenga kosa la kusingizia na kosa la kusengenya, na kusengenya ni kufunua makosa ya mtu, yaliyo ya kweli kabisa, kwa watu wasioyajua, pasipo sababu ya haki. Sifa njema ya mtu ni mali yake. Aliyeiba mafuta hajapoteza haki ya mali zake nyingine zote. Huwezi kumvunjia nyumba kwa kuwa alivunja chungu chako.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliligawa jambo hili kwa makini ambayo hata leo yatufaa. Asema kwamba sifa ya mtu yaweza kuondolewa kwa njia tatu. Kwanza, kwa kusema kweli na kwa haki, kama vile mtu anapoupeleka uovu mbele ya mwenye mamlaka kwa utaratibu unaopasa. Hapo hakuna deni. Pili, kwa kusema uongo. Hapo msemaji ana deni la kurudi na kukiri kwamba alisema uongo. Tatu, kwa kusema kweli lakini pasipo haki. Hapa ndipo alipo Yohana, na juu ya njia hii ya tatu tutarudi, maana malipo yake ndiyo magumu kuliko yote.

Njia ile ya kwanza yatuzuia tusiilaani simu yenyewe. Mwezi Oktoba 2016 zilienea nchini picha zilizopigwa kwa simu katika Shule ya Sekondari ya Kutwa ya Mbeya, zikionyesha walimu wanafunzi wa mazoezi wakimpiga kwa ngumi na mateke mwanafunzi wa kidato cha tatu. Taifa zima lilishtuka, na Serikali ikachukua hatua upesi. Bila simu ile pengine tungeambiwa tu kwamba mtoto alikuwa mkaidi. Yule aliyerekodi alimwelekezea kioo mwenye nguvu, kwa faida ya asiye na nguvu. Teresa alimwelekezea kioo mnyonge aliyekwisha kupiga magoti. Chombo ni kile kile, na Baba Mtakatifu Pio XII alipoandika mwaka 1957 juu ya sinema, redio na televisheni katika barua yake Miranda Prorsus, alianza kwa kuvishukuru vyombo hivyo kama zawadi za Mungu kabla ya kusema lolote juu ya hatari zake. Nasi twaona hivyo hivyo juu ya simu.

Lakini msomaji atauliza: je, kueneza hakusaidii haki itendeke? Wengi walisema hivyo mwezi Agosti 2024, zilipoenea video za binti mmoja aliyefanyiwa unyama na kundi la vijana wa kiume waliojirekodi wenyewe. Tarehe 30 Septemba 2024 mahakama iliyoketi Dodoma iliwahukumu wanne kifungo cha maisha. Huenda kelele za watu ziliharakisha mambo, hatukatai. Hata hivyo Polisi walihitaji nakala moja. Zile nyingine zote, zilizopelekwa kwa mashemeji na kwa marafiki wa kijiweni, zilimtafuta mhalifu gani? Mwenye kuona uovu na kutaka haki hujiuliza ni nani mwenye uwezo wa kuuzuia, akampelekea huyo: mwalimu mkuu, mtendaji wa kata, dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi, au namba 116 ya simu ya msaada kwa watoto, isiyolipiwa. Akimpelekea mtu asiyeweza kufanya lolote isipokuwa kutazama, basi na aseme wazi kwamba alitaka kutazamisha.

Tumesema Yohana aliongeza maneno machache. Hatutaki kuyapita, kwa kuwa Kibondo si mahali ambapo neno «mkimbizi» ni neno jepesi. Mwaka 1993, Rais Melchior Ndadaye wa Burundi alipouawa, watu walimiminika kuvuka mpaka kuingia Kibondo na Kasulu. Mwaka 1996 ilifunguliwa kambi ya Nyarugusu kwa ajili ya ndugu zetu wa Kongo. Mwaka 2015 Warundi walikuja tena, na kambi ya Nduta ikafunguliwa kwa mara nyingine. Waha na Warundi huelewana kwa lugha zao, wameoana, wamelima pamoja, wamesali pamoja. Mtoto aweza kuwa na bibi wa upande huu na babu wa upande ule. Kumwita mtoto wa namna hiyo mkimbizi, kwa kucheka, mbele ya kijiji kizima, ni kumwambia kwamba ardhi anayoikanyaga si yake.

Na wale walioingia kwetu kutoka nchi za jirani walikuwa wakikimbia kitu gani? Walikimbia mapanga na risasi, naam, lakini mapanga yale yalitanguliwa na maneno. Redio RTLM iliyoanza kutangaza Kigali mwaka 1993 haikuanza kwa amri za kuua. Ilianza kwa muziki, mizaha na utani, na vijana waliipenda kuliko redio ya serikali yenye kuchosha. Katika utani huo Watutsi waliitwa mende. Mwaka uliofuata redio hiyo hiyo ilitaja majina ya watu na mahali walipojificha. Desemba 2003 Mahakama ya Kimataifa iliyoketi Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wawili wa redio hiyo pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura, ingawa rufaa ya mwaka 2007 iliwapunguzia adhabu. Sisi wahariri huisoma hukumu ile kwa woga kidogo.

Hatusemi kwamba Yohana ni muuaji. Kusema hivyo kungekuwa kumsingizia naye. Twasema kwamba kijana wa Kibondo, ambaye pengine aliketi dawati moja na watoto wa watu waliokimbia maneno ya namna ile, hawezi kudai kwamba hakujua maneno hufanya nini.

Sheria ya nchi nayo yasema. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 23, yakataza kumpelekea mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumtia uchungu wa moyo, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Ni vema vijana waijue. Lakini kifungu hicho hutafuta nia, na Yohana atajitetea kwamba hakuwa na nia mbaya, alitaka kuchekesha tu; na huenda asema kweli. Dhamiri huuliza zaidi ya hayo. Huuliza ulipaswa kujua nini, na kwa nini hukujishughulisha kujua. Mtu asiyefikiri kabisa juu ya mwenzake, hata akamtumia kuwa kichekesho kama anavyotumia kijiti kuchokoa meno, hakumchukia, ni kweli. Amemsahau kuwa ni mtu, na hilo lina uzito wake mbele ya Mungu.

Na wale wa kibandani waliotazama? Mtakatifu Tomaso alijiuliza juu ya mtu asikilizaye masengenyo, akajibu kwamba afurahiaye kusengenywa kwa mwenzake kwa sababu ya chuki huweza kuwa na hatia isiyopungua ya msengenyaji. Na yule asiyefurahi, lakini anyamaza kwa woga au uzembe, ana hatia pia, ingawa kwa kawaida ni nyepesi zaidi. Neno la kusikia twaligeuza kuwa kutazama, nalo halibadiliki.

Sasa turudi kwenye kiti cha maungamo. Yohana ameelewa, ametubu, alia hata. Padre ampa ondoleo. Je, mambo yamekwisha? Hapa ndipo vijana wengi, na wazee wasiopungua, hudanganyika. Mwenye kuiba mbuzi akaungama husamehewa dhambi, lakini mbuzi hana budi kurudi zizini kwa mwenyewe. Hilo twalijua sote. Kwa nini basi twadhani kwamba mwenye kuiba jina la mtu aweza kuungama, akafuta video katika simu yake, akaenda zake? Kuifuta video ni kama kuoga baada ya kumrushia mwenzako matope.

Tazameni jinsi madeni ya kesi hii yalivyo. Anastazia naye ana deni, nusu chupa ya mafuta. Ni deni la kweli, wala hatulifuti kwa kumhurumia. Mama yake aweza kulilipa siku ya soko moja, kwa kuuza ndizi. Lakini deni alilo nalo Yohana kwa Anastazia halina soko. Hawezi kusema kwamba video ni ya uongo, maana hiyo ingekuwa dhambi juu ya dhambi. Hawezi kuyarudisha macho ya watu yawe kana kwamba hayakuona. Na video imekwisha kuvuka kijiji, imo katika simu za watu asiowajua huko Kakonko na Kigoma mjini, ambako hatafika.

Mtakatifu Tomaso ajibu kwamba aliyeondoa sifa ya mtu kwa kusema kweli pasipo haki lazima aifidie kadiri awezavyo, pasipo kusema uongo, kwa kukiri kwamba alimharibia mwenzake jina isivyo haki. Na mahali asipoweza kuirudisha sifa ile, na afidie kwa njia nyingine. Kwetu sisi maana yake ni hii: Yohana airudie njia ile ile iliyopita video. Katika kundi lile lile la mpira ambamo aliipeleka kwa kicheko, aandike kwa jina lake kwamba alimtendea Anastazia vibaya, kwamba neno alilomwita ni la aibu kwake yeye aliyelisema, na kwamba awaomba wote waifute na kutoipeleka. Watamcheka. Hilo ni sehemu ya malipizi, tena ni haki kabisa, kwa maana ataonja kidogo kile alichowaonjesha wengine. Aende pia kibandani sokoni, kwa miguu, akaseme hayo kwa kinywa.

Na kwa Anastazia mwenyewe? Hapa twatahadharisha. Baadhi ya walezi humlazimisha mkosaji kwenda mara moja kuomba radhi, na mkosewa hulazimishwa kusamehe mbele ya watu, wakashikana mikono, mwalimu akafurahi kwamba ameleta amani. Mara nyingi hiyo ni kumpigisha magoti mara ya pili. Yohana aende akiwa na mzazi wake, kwa mama yake Anastazia kwanza, na akubali kama mama atamwambia: binti yangu hataki kukuona sasa. Msamaha ni wake kuutoa kwa wakati wake. Wajibu wa Yohana ni kulipa, hata kabla ya kusamehewa, na hata asiposamehewa.

Kuna anayetuuliza: padre aweza kumnyima Yohana ondoleo mpaka alipe kwanza? Kama akataa kulipa, toba yake ni ya namna gani? Kama akubali kwa moyo, apewe ondoleo na aende akalipe. Mapadre wenzetu wajua hayo. Twayaandika kwa ajili ya wazazi, ili wasishangae mtoto wao arudipo kutoka maungamo akiwa na safari ya kwenda sokoni.

Imebaki simu, nayo ni ya baba. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya vyombo vya upashanaji habari, iliyotolewa tarehe 4 Desemba 1963, haikuwawekea wajibu watengenezaji peke yao. Iliwawekea wajibu wapokeaji pia, na wazazi iliwataja waziwazi. Naye Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake kwa vijana wa mwaka 2019, alihesabu uonevu wa mtandaoni kati ya aina mpya za ukatili. Wazazi wengi wakisikia haya husema: basi tumnyang'anye simu. Huenda yafaa kwa muda. Lakini twamwomba baba yake Yohana aifungue simu yake mwenyewe na kutazama yaliyomo. Mwizi wa kuku aliyepigwa na umati mpaka damu ikamtoka, nani aliyempeleka katika kundi la ukoo? Maiti za ajali ya basi, kabla jamaa zao hawajapata habari, nani aliyezipeleka, akiongeza maneno ya kumwomba Mungu aziweke roho zao mahali pema? Mwanamke wa jirani aliyefumaniwa, nani aliyemcheka pamoja na wazee wenzake mbele ya watoto? Yohana hakuzaliwa akijua kwamba mtu anayelia ni kitu cha kupelekwa. Amekaa jioni nyingi pembeni mwa baba akiona.

Basi twashauri jambo lililo gumu kuliko kunyang'anya. Baba akae na mtoto wake, wazipitie pamoja video zilizomo katika simu ile, na kila ambayo ndani yake mna mtu aliyedhalilishwa, baba aifute yeye kwanza, akieleza kwa nini. Kisha aende na mwanawe katika safari ile ya sokoni.

Wana Jumuiya Ndogo Ndogo nao wasingoje. Wakati wakubwa wanajadiliana juu ya Yohana, Anastazia yumo ndani na mlango umefungwa, na kila siku moja ya kukaa nyumbani yamfanya shule kuwa mbali zaidi. Akina mama wa WAWATA waende kwake wakiwa wawili au watatu, wasimwulize habari za video, wamchukue tu wakalime au wakasali. Mmoja wao azungumze na mwalimu mkuu, na mwingine atafute chumba kingine ambamo atapanga, karibu na mtu mzima. Mafuta yale nusu chupa yalipwe kimya kimya, ili wale wasichana watatu wasiwe na neno. Maana wao nao, pamoja na Teresa, wana madeni yao, ambayo hatukupata nafasi ya kuyapima leo.

Swali moja lililobaki twawaachia wasomaji. Yohana tumemwazia kuwa na miaka kumi na sita. Je, angekuwa na miaka kumi, hajui vema uzito wa atendalo, na video imeenea kwa mkono wake vilevile, deni lile lingekuwa la nani: la mtoto, la mzazi aliyempa simu, au la wote wawili? Wazazi na walimu, hasa wa nyanda za Kigoma, twawakaribisha kutuandikia, nasi tutazichapa barua zao pasipo kutaja jina la mtoto yeyote wala shule.